Lipu ya nakshi ya Lamu: Waajemi wanapewa sifa isiyo yao?

Mwana wa Pate: Zikitajwa zidaka za Lamu, vile vishubaka vya ukutani vya nakshi, jibu ni lile lile: walileta Waajemi. Mimi nabisha. Lipu ya nakshi iliyopata jina katika dola za Kiislamu ni ya Samarra, Iraki, makao ya makhalifa wa Abbasi kuanzia 836. Mtindo wake ulifika hadi msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, uliokamilika 879. Lakini ile ya Samarra na ya Uajemi ni jasi hasa, jiwe laini linalochomwa na kusagwa. Jasi huiva kwa moto wa nyuzi 150 hivi, hukauka upesi, na unyevu huila. Yetu ni chokaa ya matumbawe: moto wa nyuzi 900, kuni chungu nzima, kisha itiwe maji na kuachwa ilale. Aliyelelewa kwenye jasi hiyo kazi angejifunzia wapi, kama si kwetu?

Bin Said: Ndugu yangu, umbo nalo? Mihrabu za Manah, Oman, za karne ya 16, zimepachikwa bakuli za Kichina kwenye lipu. Nenda Mambrui au Kunduchi, huku pwani kwetu, ukatazame makaburi yenye bakuli kama hizo. Fundi hutumia alichokikuta. Akikosa jasi atachukua chokaa.

Fundi wa Shela: Nyote wawili hamjashika mwiko. Chokaa inakawia kukauka, na kukawia huko ndiko kunakompa mtu nafasi ya kukata ua taratibu kwa kisu, lipu ikiwa bado mbichi.

Msomaji tu: Mnagombania ukubwa usio wenu. Sanamu za ʿAin Ghazal, Jordan, ni za lipu ya chokaa iliyopakwa juu ya matete, nazo zina miaka 9,000 hivi. Hapakuwa na Mwajemi wala Mswahili.

Mwana wa Pate: Sijasema sisi ndio tuliovumbua chokaa duniani! Swali ni nani aliifundisha pwani. Pale Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya miti kwanza, ya matumbawe baadaye. Huo ni ujuzi uliokua mahali pake.

Bin Said: Matumbawe nimekubali. Zidaka je? Ardabil, Iran, kuna Chini-khana, yaani nyumba ya vyombo vya Kichina, ya Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, mwanzo wa karne ya 17: kuta nzima za vishubaka vya kuwekea vyombo vya Kichina. Zidaka nyingi mnazojivunia Lamu ni za karne ya 18. Hesabu mwenyewe, nani alimtangulia mwenzake.

Mwana wa Pate: Nimehesabu, Bwana. Songo Mnara, karibu na Kilwa, nyumba za karne ya 14 na 15 zina vishubaka ukutani. Hizo umeziruka kwa nini?

Bin Said: Kishubaka kimoja kimoja si ukuta mzima. Nioneshe ukuta.

Fundi wa Shela: Kuta zenyewe zimeanguka, mzee. Tena zilizobaki Lamu wanazikandika saruji, chumvi inasukuma nakshi kwa nyuma inabanduka. Tukimaliza kubishana hapa, ya kuonesha yatakuwa yamebaki?