Naomba ushauri: tanbihi zangu Wikipedia zinafutwa kila nikizirudisha

Kalamu Changa (mleta mada):
Ndugu wanajamvi, nimefika mahali sijui nishike lipi. Niliandika makala Wikipedia kuhusu mwanamuziki mmoja mkongwe, nikaeleza bendi alizoanzisha na nyimbo alizotunga, na kila aya nikaiwekea tanbihi ya kuonyesha chanzo kama maelekezo yanavyotaka. Mhariri mmoja ameziondoa tanbihi zote kwa maelezo ya maneno mawili tu, "Si huru," kisha akabandika juu ya makala kigezo, yaani bango la kupendekeza ifutwe. Nikirudisha, anaondoa. Je, mtu wa namna hii anashtakiwa wapi?

Bi Rejea:
Pole, ndugu. Kabla ya mashtaka, acha kwanza kurudisha. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara 3 kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa hata kama hoja yake ni nzuri. Fungua ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, umwulize anapinga chanzo kipi na kwa nini. Mkishindwa kuelewana, ombeni maoni ya mhariri wa tatu asiyehusika. Wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, usiwategemee wakuamulie nani mkweli, kwa sababu kazi yao ni kusimamia mwenendo. Hizo tanbihi zinaelekeza wapi?

Futi Kamba:
Mimi nilifutiwa urefu wa daraja ambalo nililipima mwenyewe, kutoka nguzo hadi nguzo, huku jirani yangu ameshika ncha ya pili. Niliambiwa kwamba huo ni utafiti wangu binafsi. Makala ikabaki na kipimo cha kitabuni, ambacho naapa kimepunja karibu mita 2.

Kalamu Changa:
Zinaelekeza kwenye blogu nzuri tu, yenye picha na historia yake yote. Sioni kwa nini swali hilo lina uzito.

Chujio:
Blogu ya nani?

Kalamu Changa:
Kwa kuwa mmeng'ang'ania, blogu ni yangu, na mwanamuziki huyo ni baba yangu mzazi. Sasa niambieni, ni nani anayemjua kuliko mimi niliyekulia kwenye mazoezi yake? Nimekwisha kufungua akaunti ya pili ili ionekane kwamba makala ina watetezi, na sioni ubaya wake, maana anayenipinga naye anajificha nyuma ya jina la kubuni.

Mpenda Haki:
Heshima ya mzazi haitafutwi kwa ujanja. Ungemwuliza mzee mwenyewe kwanza kama anataka kusemewa na watu wasiokuwapo.

Bi Rejea:
Kujua hakutoshi, ndugu yangu. Wikipedia haikuulizi kama unasema kweli. Inakuuliza kama msomaji asiyekufahamu anaweza kulithibitisha jambo hilo bila kukutegemea wewe, na blogu ya mtoto haiwezi kumpa uhakika huo, hasa mhusika akiwa mtu aliye hai, ambaye masharti yake ni makali zaidi. Tafuta magazeti yaliyoandika habari zake enzi hizo. Gazeti la karatasi linakubalika hata kama halipo mtandaoni, mradi utaje jina lake, tarehe na ukurasa. Kisha tamka wazi kwamba wewe ni mwanawe, na mapendekezo yako uyaweke kwenye majadiliano, wengine wayaingize. Hiyo akaunti ya pili iache, kwa maana wapo wakaguzi wenye ruhusa ya kulinganisha anwani za IP, yaani namba za mtandao ambazo akaunti zinatumia.

Chujio:
Mimi kuna jambo halinikai sawa. Mleta mada anajieleza kama mgeni, lakini hajataja jina la mwanamuziki, bendi hata moja wala wimbo. Nahisi huyu ndiye yule mhariri mwingine, na anakusanya maneno yetu akamfungie mwenzake.

Futi Kamba:
Au ni mwalimu wa warsha anayetungia wanafunzi zoezi. Kisa kimekamilika mno: blogu, baba, akaunti ya pili! Kilichobaki ni daraja langu.

Mpenda Haki:
Hata kama ni zoezi, kudanganya watu wanaotoa msaada bure ni jambo la aibu.

Kalamu Changa:
Nimeomba ushauri, nimegeuzwa mshtakiwa. Jina sikulitaja ili asitokee mtu wa kwenda kuifuta makala leo leo. Lakini kiungo cha historia ya ukurasa hiki hapa, kifungueni mridhike.

Chujio:
Nimekifungua na kusoma mstari kwa mstari. Makala ipo, na mabishano yapo kama ulivyosimulia. Ila tanbihi zimerudishwa na akaunti 3, nawe umetuambia habari za 2. Ya tatu ni ya nani?

Kalamu Changa:
Hiyo ni ya mdogo wangu, na yeye ana haki ya kuhariri kama mtu mwingine yeyote.