Jina "Gift" na sumu ya Wajerumani: ni neno moja au mawili?

Mkazi wa Area C, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Binti wa dada yangu anaitwa Gift, jina ambalo hapa Dodoma halimshangazi mtu, kwa kuwa ni nadra kukuta shule isiyo na Gift wake, awe wa kike au wa kiume. Anajiandaa kuomba pasipoti ili aende Ujerumani kujitolea, kupitia uhusiano wa usharika wetu na usharika mmoja wa huko. Wageni waliotutembelea kutoka usharika huo walipotambulishwa kwake walitazamana, wakashindwa kuzuia kicheko, na mmoja wao akatufafanulia kwa upole kwamba katika lugha yao neno hilo ni sumu. Nilidhani ni utani, mpaka nilipoona kwa jirani yangu kopo lililokuja pamoja na mashine ya mtumba: ubavuni lina kibandiko cha mraba cha rangi ya chungwa chenye fuvu na mifupa miwili iliyopishana, na chini yake pameandikwa "Giftig". Dada yangu hana raha tena na anataka jina libadilishwe. Naomba wenye kujua wanieleze kama haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu au ni neno moja lililogeuka njiani, na kama mtoto atapata taabu akifika huko.

Mhitimu wa lugha, Ng'ong'onha

Ndugu, ni neno moja. Kiingereza na Kijerumani ni lugha za ukoo mmoja, na shina la neno hili ni lile la kitenzi cha kutoa, yaani "give" kwa Waingereza na "geben" kwa Wajerumani. Katika Kijerumani cha kale "gift" lilikuwa kitu kinachotolewa, na kilicholipeleka kwingine ni tiba. Matabibu wa Kigiriki walikuwa na neno "dosis", ambalo maana yake ya msingi ni utoaji, na Kilatini kikalichukua kwa maana ya kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Ndilo hilo lililotufikia sisi hospitalini kama dozi. Wajerumani wakalibebesha neno lao wenyewe maana hiyo, na kwa kuwa watu hawapendi kuitaja sumu waziwazi, "kile alichopewa" kikawa tafsida yake. Tafsida ilipozoeleka ikaimeza maana ya kwanza, ambayo leo imesalia mahali pachache kama katika "Mitgift", yaani mali ambayo binti hupewa na wazazi wake anapoolewa. Msiichanganye na mahari yetu, ambayo hutoka upande wa mwanamume. Waholanzi walijiepusha na mkanganyiko huo kwa kusema "gift" kwa zawadi na "gif" kwa sumu.

Kuhusu kopo, "giftig" ni "yenye sumu". Kibandiko hicho ni cha mtindo wa zamani, kwa maana kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 ilileta alama ya mraba uliosimama kwa pembe wenye mpaka mwekundu, na neno la onyo kwa bidhaa kali za Kijerumani sasa ni "Gefahr", yaani hatari. Tafadhali mwambie jirani asiweke mafuta ya kula ndani ya kopo hilo wala asilipimie unga, hata kama amelisugua kwa mchanga na sabuni.

Mwenye duka la pembejeo, Majengo

Mimi Kijerumani sikukisoma, lakini jambo hili halinishangazi hata kidogo. Tangu nifungue duka sijasikia mteja akiomba sumu ya panya. Wote huomba dawa ya panya, na wakulima wa mahindi huja kutafuta dawa ya dumuzi kwa neno lile lile wanalolitumia wakimnunulia mtoto dawa ya kikohozi. Ukisema sumu, mtu anakutazama mara mbili na kuuliza unataka kumfanya nani nini. Nadhani hao Wajerumani walipita njia hiyo hiyo, ila wao walifika mwisho wake na sisi bado tuko katikati.

Aliyewahi kuishi Uppsala, sasa Mpwapwa

Mngejua ya Uswidi mngemwonea huruma zaidi huyo binti. Huko neno hilo hutamkwa "yift" na lina maana mbili kwa pamoja: likiwa nomino ni sumu, likiwa kivumishi ni mtu aliyeoa au aliyeolewa. Maana ya sumu waliipata kutoka Kijerumani cha kaskazini, ila ile ya ndoa ni ya kwao tangu kale, na inatokana na binti kutolewa na wazazi wake. Kwenye fomu, chini ya hali ya ndoa, utakuta "gift" na "ogift", na asiye na ndoa huchagua la pili. Hivyo mpwa wako angeandika jina lake Gift, kisha mistari michache chini yake angethibitisha kwamba yeye ni "ogift". Wanorwe na Wadenmaki nao wana maana hizo mbili. Hata Waingereza hawakuanza na zawadi tunayoijua leo: katika Kiingereza cha kale neno hilo lilihusu mahari, na katika wingi lilimaanisha harusi. Waskandinavia waliohamia Uingereza ndio wanaotajwa kuwa chanzo cha ile "g" nzito inayotamkwa sasa.

Wenzangu hucheka nikiwaeleza haya, nami huwauliza kuhusu Kiswahili, ambacho mzazi humwoza binti yake na embe huoza kapuni. Tofauti ni kwamba hayo yetu ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati, moja likitoka kwenye kuoa na jingine likiwa na asili yake. Kwa Wagiriki, "ne" ni ndiyo, wakati kwa majirani zao Wabulgaria "ne" ni hapana. Hapo pia ni bahati tu, na ndiyo maana ulivyotenganisha swali lako ulifanya vizuri.

Mkazi wa Area C, Dodoma

Nawashukuru sana. Dada amesoma majibu yote na amecheka kwa mara ya kwanza tangu wageni waondoke, ingawa hilo la fomu za Uswidi limemtia wasiwasi mpya. Sasa anauliza kama akimwita Zawadi itakuwa salama.

Mhitimu wa lugha, Ng'ong'onha

Zawadi ni jina zuri, lakini mweleze kwamba pasipoti itafuata cheti cha kuzaliwa, na jina likibadilishwa itabidi kuwe na hati ya kubadili jina, kisha maelezo kila mahali vyeti vya shule vitakapohitajika, kwa kuwa hivyo vyote tayari vinasema Gift. Vijana wa Ujerumani husoma Kiingereza shuleni na watalielewa jina hilo baada ya mshangao wa kwanza. Akitaka kujirahisishia, ajitambulishe kwa jina la pili huko kazini na aache nyaraka kama zilivyo.