Tufe la kioo lenye ua ndani: lilikuwa na maana gani kwa watu wa karne ya 19?

Mjukuu wa Mikindani
Assalaam aleykum ndugu zangu. Katika kasha la marehemu babu tumekuta tufe la kioo, bapa upande wa chini na zito kuliko linavyoonekana, ambalo ndani yake mna ua la zambarau na manjano linalotanuka ukilitazama kwa juu na kunywea ukilitazama kwa ubavuni. Mama anasema babu alilikandamizia hati za shamba la minazi ili upepo wa kusi usizipeperushe. Je, huko yalikotengenezwa, matufe haya yalikuwa na kazi hiyo tu?

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Waaleykum salaam, mjukuu wangu. Mwaka 1840 Uingereza ilishusha nauli ya barua hadi peni moja, na kuandikiana kukawa desturi ya watu wa tabaka la kati, hata meza ya kuandikia ikawa mahali pa kuonyeshea malezi na uungwana wa mwenye nyumba. Mwaka 1845 Pietro Bigaglia wa Venice alipeleka matufe ya namna hii kwenye maonesho ya Vienna, na punde viwanda vya Ufaransa, yaani Baccarat, Saint-Louis na Clichy, vikayatengeneza kwa ustadi mkubwa zaidi. Yalikuwa zawadi, na ua lilisema neno. Hilo la zambarau na manjano, ikiwa ndilo ninalolidhania, Wafaransa huliita *pensée*, na neno hilohilo kwao ni wazo. Aliyekupa alikuwa anakuambia kwamba anakuwaza, kama sisi tunavyosemezana kwa kanga. Bila kulishika siwezi kusema kwamba lako ni la enzi hizo, maana yameigwa sana.

Dada wa Shangani
Shikamoo Mwalimu. Naongeza kwamba yale yenye vijiua vingi ni ndugu wa shanga za Venice zilizouzwa pwani yetu: vijiti vya kioo vya rangi huunganishwa, huvutwa vikiwa moto mpaka vikawa vyembamba, kisha hukatwa kama bamia, na kila kipande hubaki na nyota ileile. Tafadhali usiliache dirishani, kwa sababu hukusanya jua mahali pamoja hata likaunguza karatasi.

Mjukuu wa Mikindani
Ahsanteni sana. Nimeitazama tena hati ya juu kabisa, na karibu na sahihi ya babu pana doa la kahawia, dogo kama punje ya choroko, ambalo siku zote tulidhani ni la kahawa.