Kupanuka kwa NATO: Urusi inatishiwa, au inapoteza majirani?

Mleta mada:
Wakuu, kila kijiwe nasikia hoja ileile kuhusu NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake: "NATO imefika mlangoni kwa Urusi, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Haikutoka hewani. Februari 1990 James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kwamba NATO haitasogea hata inchi moja mashariki. Ilikuwa kauli ya mdomo, wakati Ujerumani inajadiliwa kuungana, na hakuna mkataba uliobeba maneno hayo. Lakini 1999 wakaingia Poland, Hungary na Czech. 2004 zikaingia nchi saba kwa mpigo, tatu kati yake zilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti.

Sasa nielezeni Finland. Imejiunga Aprili 2023 ikiwa na mpaka wa kilomita zipatazo 1,340 na Urusi. Kama ukaribu ndio tishio, huko ndiko moto ungewaka. Mei 2022 Putin mwenyewe alisema kuingia kwa Finland na Sweden si tishio la moja kwa moja, labda miundombinu ya kijeshi ipelekwe huko. Ukraine, iliyoahidiwa uanachama kwenye mkutano wa NATO wa Bucharest 2008 bila tarehe, ndiyo Urusi imeivamia kwa vifaru. Nani hasa ataivamia nchi yenye maelfu ya vichwa vya nyuklia? Mimi naona hofu yao ni jirani kuwaponyoka.

Mchangiaji:
Umeiruka Cuba, mkuu. 1962 Marekani ilifika ukingoni mwa vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Wasovieti kisiwani. Cuba haikuwa nchi huru yenye haki ya kuchagua rafiki? Na hilo neno "kujihami" ambalo NATO hujiita, usimwambie Mwafrika aliyeiona NATO ikipiga Libya 2011. Azimio la Umoja wa Mataifa lilisema kulinda raia, mwisho wake Gaddafi kang'olewa na nchi ikavunjika vipande. Yugoslavia 1999 ilipigwa mabomu na NATO siku 78 bila idhini ya Baraza la Usalama. Mrusi akikosa usingizi hapo, mnamshangaa?

Mchangiaji mwingine:
Mnazungumza kama wale wadogo hawana akili zao. Waulizeni Waestonia walichofanyiwa na Wasovieti 1940, nchi yao ilipomezwa, mtajua kwa nini walipiga hodi NATO wenyewe. Ukraine ilikubali kuziachia silaha za nyuklia 1994, Urusi ikasaini kule Budapest kuheshimu mipaka yake. Crimea, rasi ya Ukraine, inachukuliwa na Urusi 2014, sheria ya Ukraine ilikuwa inasema haifungamani na kambi yoyote ya kijeshi. Uanachama gani uliwatisha siku hiyo?

Mleta mada:
Libya sina cha kutetea. Ila Cuba inanisaidia mimi: ugomvi ulikuwa wa makombora, ukaisha kwa kuyaondoa, na yale ya Marekani yaliyokuwa Uturuki yakaondolewa kimyakimya. Cuba ikaachiwa urafiki wake na Moscow. Desemba 2021, katika madai yake kwa NATO, Urusi haikuishia kwenye makombora. Ilitaka pia majeshi ya NATO yarudi yalipokuwa Mei 1997, kabla Poland haijaingia. Yaani Poland ibaki mwanachama wa kwenye karatasi.

Mchangiaji:
"Ikaachiwa"? Bay of Pigs, Aprili 1961, Marekani ilituma Wacuba wa uhamishoni kuivamia Cuba, kabla kombora hata moja la nyuklia halijafika kisiwani. Ile tuiite nini?