Rubani wa droni mwenye leseni ananyang'anywa chombo, asiye na karatasi anapewa kazi: Malindi tumechoka

Jamani, nimenyamaza vya kutosha. Kila wikendi hapa Malindi droni zinaruka juu ya harusi, juu ya mikutano ya wanasiasa, juu ya vidimbwi vya kuogelea vya hoteli, na wengi ninaowaona wakizirusha hawana leseni, droni haijasajiliwa na bima hakuna. Wanaowaita kazini ni mameneja wa hoteli, wapangaji wa harusi na mawakala wa viwanja, watu wenye afisi na mihuri. Wangeajiri dereva wa gari la wageni wangemwuliza leseni. Wakiajiri mtu wa kurusha chombo chenye propela nne juu ya vichwa vya watu mia mbili, wanauliza bei tu.

Wale vijana nawaelewa, kazi ni shida. Hasira yangu ni kwa anayewalipa.

Kwa wasiojua, wacheni nieleze sisi marubani wenye leseni tunapitia nini. Kanuni za droni zilitoka Kenya 2017, Bunge likazifuta mwaka uliofuata, na tunazotumia sasa ni za 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Droni lazima isajiliwe. Kuiingiza nchini kuna kibali chake. Anayeirusha kwa malipo awe na leseni ya rubani, na leseni haipewi mtu kwa kujua kubonyeza rimoti. Unasomeshwa sheria za anga, hali ya hewa, ramani za anga, halafu unatahiniwa kwa karatasi na kwa vitendo. Ukishaipata bado huwezi kuanza biashara hivi hivi, maana biashara inataka cheti cha mwendeshaji, ile ROC, pamoja na kitabu cha taratibu za kazi na bima ya kumfidia mtu wa tatu akiumia. Mimi narusha chini ya kampuni yenye cheti hicho, na sehemu ya kila malipo inakwenda huko. Masomo nilikwenda kuyafuata Nairobi kwa mkopo wa sacco, na mkopo wenyewe bado naulipa.

Sasa chukua ramani ya mji wetu. Kanuni zinakataza kurusha bila idhini ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege, na kilomita 7 kutoka vile vidogo. Kiwanja cha Malindi kiko hapo hapo kando ya barabara ya Mombasa. Hata ukipima kwa hiyo 7, Shela imo, Maweni imo, Barani imo, Casuarina imo, mpaka nguzo ya Vasco da Gama imo. Mji mzima umo. Kwa hiyo kila kazi ya mjini inaanza na barua ya kuomba idhini: wapi hasa, saa ngapi hadi saa ngapi, urefu gani, nani anarusha, droni gani. Ukiruhusiwa, hupiti futi 400, huiachi droni itoke machoni pako, humkaribii mtu asiyehusika na kazi chini ya mita 50. Usiku ni idhini nyingine. Juu ya umati ni idhini nyingine. Ukitaka kupiga picha hifadhi ya bahari, hiyo iliyotengwa tangu 1968, unakwenda kwa KWS, shirika la wanyamapori.

Sheria hiyo siipingi hata kidogo. Ndege zinazoshuka pale zinabeba mama zetu na ndugu zetu kutoka Nairobi. Betri ya droni ikiingia kwenye injini ya ndege inayotua, hakuna wa kuomba msamaha. Ndiyo maana namwambia mteja aniletee kazi mapema, wiki kadhaa kabla. Majibu huwa ni haya:

"Kaka, harusi ni Jumamosi."

"Barua ya nini tena, si ni picha za dakika kumi tu?"

"Kuna kijana hapa atafanya kwa elfu tano, na hataki maneno mengi."

Huyo kijana wa elfu tano hana mkopo wa masomo, hana bima, hana kampuni ya kugawana nayo. Nitashindana naye vipi kwa bei? Siwezi, na sitaki, kwa sababu elfu tano hiyo imepatikana kwa kuuza usalama wa wageni waalikwa.

Na tumeshaona mwisho wake. Mwaka huu kulikuwa na harusi katika hoteli moja ya ufuoni, usiku, taa za kamba zimetandazwa kutoka mnazi hadi mnazi. Mpiga picha akarusha droni ili ampate bibi harusi akiingia. Mimi sikuwa kazini, nilikuwa mwalikwa, na nilimwendea meneja nikamwambia ile droni ishushwe. Akaniambia nisiharibu sherehe ya watu. Haikuchukua muda ikanasa kwenye kamba ya taa, ikapinduka, ikaangukia upande wa akina mama propela zikiwa bado zinazunguka. Mama mmoja wa makamo alipata jeraha la kukatwa mkononi, karibu na kiwiko. Damu kwenye leso, watoto wanapiga mayowe, na mrushaji akachukua begi lake akatokea mlango wa jikoni. Hoteli ikasema yule si mfanyakazi wao. Mpangaji wa harusi akasema yeye alilipa studio. Studio ikasema droni ni ya mtu binafsi. Bima hakuna, jina kwenye sajili hakuna, basi mama wa watu akapelekwa hospitali na mwanawe kwa tuktuk.

Rubani aliyesoma asingeirusha pale. Kwanza ni usiku na ni juu ya watu. Pili, kuna jambo ambalo mtu wa kujifundisha kwa video za simu hulijua siku limeshamkuta: droni nyingi zikipoteza mawasiliano na rimoti hupanda hadi urefu uliowekwa, kisha hurudi moja kwa moja zilikotoka. Mnazi uliokomaa unapita mita 25. Mtu ameacha urefu wa kurudi mita 20, droni itarudi imeinamia njia yake mpaka ikutane na kuti. Halafu kuna upepo. Mwezi wa saba kusi ikikaza, droni hutoka pwani kwenda kaskazini kwa raha, betri inaonyesha imejaa, kumbe safari ya kurudi inapigana na upepo na inakula chaji mara mbili. Ngapi zimezama baharini kati ya Silversand na mtoni Sabaki? Kunguru nao, hawa weusi wa kijivu shingoni, wakiwa na makinda huishambulia droni kwa kundi. Haya yote ni mambo ya kupanga kabla ya kuwasha injini.

Baada ya lile tukio ndipo yakanifika mimi. Nilikuwa na kazi ya halali kaskazini, upande wa Gongoni, kupima mashamba ya chumvi kutoka angani. Huko ni mbali na kiwanja cha ndege. Mwenye shamba ameandika barua, droni ina namba yake ya usajili, leseni ninayo mfukoni, bima imechapishwa. Askari wakaja. Nikawapa karatasi zote. Hawakuzisoma. "Droni zimepigwa marufuku Malindi." Nani kapiga marufuku, kwa tangazo gani? Hakuna jibu. Wakaichukua droni, rimoti na betri, bila kuandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, bila kunipa hata kipande cha karatasi. Nilikwenda kituoni na kurudi, na kurudi tena, na kila siku mkubwa hayupo. Mwenye chumvi alikuwa na tarehe zake, kazi akampa mtu mwingine. Nilipoipata droni, begi lilikuwa limekaa juani na betri mbili zimevimba. Betri ya lithiamu iliyovimba hairushwi tena, ni ya kutupwa, na hakuna aliyenilipa.

Yule aliyemwangushia mama droni? Wiki iliyofuata alikuwa harusini tena. Nilimwona kwa macho yangu.

Kuna na jingine linaloniuma. Mashirika yanayokuja kupima mikoko ya Ngomeni na Mida yanataka karatasi, hilo nawashukuru. Lakini wakishasikia rubani ni mtu wa hapa, wanakwenda kuleta watu Nairobi, tiketi za ndege na hoteli juu, eti kijana wa Malindi atayajua wapi mambo haya. Mimi kupima najua. Kila picha ifunike ya jirani yake kwa asilimia 70 hadi 80, alama ziwekwe chini na zipimwe vizuri, maji yawe yamekupwa, la sivyo mizizi ya mikoko haionekani. Na habari ya maji kukupwa na kujaa hatufundishwi na mtu wa Nairobi. Hapo Ngomeni baharini ndipo Waitalia walipokuwa wakirusha roketi, na setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilipaa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Wazee wetu waliiona kwa macho. Leo mtoto wao hawezi kuaminiwa na droni ya kilo moja?

Mawakala wa viwanja nao nawaambia wazi. Picha moja ya droni iliyochorwa mistari myekundu si ramani ya ploti. Mipaka inawekwa na mpimaji aliyesajiliwa. Mnawauzia watu wa diaspora picha hizo, halafu kesi zinajaa kotini na familia zinagombana.

Ninachotaka ni hiki. Wewe unayeajiri, kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza, omba leseni ya rubani, usajili wa droni, ROC ya kampuni, bima, na idhini ya eneo ikiwa ni mjini. Asiyekuwa nazo, usimlipe. Hoteli ziandike hilo kwenye mkataba wa ukumbi, kwa sababu anayerusha ndani ya kiwanja chako anarusha kwa ridhaa yako. Askari wetu, someni karatasi mnazopewa, na mkichukua mali ya mtu mwandike OB na mumpe namba. Marubani wenzangu wenye leseni, kuanzia Kilifi hadi Lamu, kama vyombo vyenu vimewahi kushikiliwa hivi, niandikieni hapa tarehe na kilichotokea, nataka tupeleke barua moja yenye majina yetu sote.

Na wewe meneja uliyeniambia nisiharibu sherehe, ukumbi ulikuwa wako na ulionywa kabla. Bili ya hospitali ya yule mama imelipwa na mwanawe anayeendesha bodaboda. Mrudishie pesa zake.