Ushauri wakuu: mama mtu mzima kuangalia katuni ya Kijapani, kuna ubaya?

Mtoto wa Mishamo
Heshima kwenu wakuu. Niko Marekani, jimbo la Kentucky. Jumuiya yetu imenipa kazi ya kutafuta filamu ya Jumamosi. Tumepewa ukumbi wa kanisa, na ni watu wazima tu, watoto watakuwa na shughuli zao chumba cha pili. Nimechagua filamu ya Kijapani ya kuchorwa. Kuitaja tu kwenye grupu nikashambuliwa: "Yaani tuvae suti tukaangalie katuni?" Hata Wamarekani ninaofanya nao kazi ghalani wanasema hizo ni za vijana wa shule. Nasikia Japani watu wazima wanaangalia bila shida. Niendelee au nibadilishe? Usingizi hauji.

Kisiki cha Mpingo
Mkuu, mimi nina miaka 47, Tom na Jerry ikianza rimoti haiguswi na mtu. Mke wangu alishazoea. Endelea, ila bisi ziwe nyingi.

Mama Neema
Mtu mzima na katuni wapi na wapi? Ndiyo maana vijana hawaoi.

Dada wa Nagoya
Mimi nimeolewa huku Japani, niseme ninachokiona. Kila Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni kuna katuni ya familia, Sazae-san, ipo hewani tangu 1969. Baba mkwe wangu anaikalia na bia yake na hakuna wa kumshangaa. Nyingine nyingi za wakubwa zinarushwa baada ya saa sita usiku, watoto wameshalala. Na filamu ya kuchorwa Demon Slayer: Mugen Train ya 2020 iliingiza zaidi ya yeni bilioni 40 ndani ya Japani, ikaipita Spirited Away iliyokuwa ikiongoza. Fedha ile haikutoka kwa watoto peke yao.

Ila msidhani huku yote ni sawa. Baada ya kesi ya mauaji ya watoto ya 1989, ambayo mshtakiwa alikutwa na kanda nyingi za video, katuni zikiwemo, mtu mzima aliyejaza kanda za katuni chumbani alitazamwa kwa jicho baya kwa miaka mingi. Mtu anaweza kuangalia usiku kucha na kazini asiseme neno.

Mleta mada, filamu gani hiyo?

Mzee wa Kanda
Hao wenzako wa ghalani hawaijui historia ya kwao. The Flintstones ilianza 1960 usiku, saa ya watu wazima, na wale akina Fred walivuta sigara za Winston kwenye matangazo. Baadaye ndipo katuni za televisheni zikasukumwa Jumamosi asubuhi, zikabaki na watoto na matangazo ya nafaka za kifungua kinywa. Mkubwa alirudishiwa yake kwa mlango wa vichekesho: The Simpsons 1989, South Park 1997. Mpaka leo ukimwambia Mmarekani katuni ya wakubwa, anatarajia matusi na kucheka. Kwenye jukwaa la Oscar 2022 waliizungumzia katuni kama kitu cha watoto, na watengenezaji wakalalamika hadharani.

Ninavyoona, hapo ndipo tofauti ilipo. Magharibi mtu mzima ameruhusiwa kuichekea michoro. Kuililia bado anaona aibu.

Mtoto wa Mishamo
Asanteni. Ni ya vita, ya 1988. Jina si muhimu sana, mimi nauliza kama heshima ya wazee itabaki.

Dada wa Nagoya
Ya vita, 1988? Usiniambie ni Grave of the Fireflies.

Mtoto wa Mishamo
Ndiyo hiyo.

Dada wa Nagoya
Kaka yangu. Filamu inaanza na kijana anakufa kwenye kituo cha treni cha Sannomiya, Kobe, Septemba 1945, watu wanapita kando yake. Kisha tunarudishwa nyuma tuone yeye na mdogo wake Setsuko, mtoto wa miaka minne, walivyofika hapo. Kuna kopo la pipi za Sakuma. Pipi zikiisha kaka mtu anatia maji humo, analitikisa, mtoto anakunywa ule utamu uliobaki. Na baadaye anamumunya gololi akidhani ni pipi. Mume wangu aliiona akiwa shule na hataki kuirudia.

Achana na suti za wazee. Nani hasa unataka aione?

Kisiki cha Mpingo
Hapo kwenye maji ya kopo nimetua bisi chini.

Mtoto wa Mishamo
Sawa, niseme. Ni mama yangu. 1972 alikimbia kutoka Burundi kuja Tanzania, akiwa binti mdogo, na mdogo wake mgongoni. Mtoto hakufika. Sisi tuliambiwa na mama mdogo, mama mwenyewe hajawahi kutamka hata jina la mtoto huyo. Nimemwambia Jumamosi kuna katuni, akacheka, akakubali kuja. Nikimweleza ni ya nini hatakuja. Ikiwa ni waigizaji wenye nyama na damu atatoka dakika ya kwanza. Mchoro unampa nafasi ya kuvuta pumzi. Ukumbi umeshalipiwa na nauli ya mama mdogo kutoka Texas nimeshatuma.

Mama Neema
Mzazi hategewi mtego. Umemficha aliyekuzaa, halafu unatuuliza habari za Wajapani?

Mzee wa Kanda
Kwenye mchoro simpingi. Persepolis ya 2007 na Waltz with Bashir ya 2008 zilisimulia mapinduzi na vita kwa kuchora, na watu wazima walizikubali, huko huko Magharibi. Mchoro unaweza kubeba mzigo huo. Ila waliozitengeneza ndio waliokuwa na kumbukumbu zao.

Shahidi Namba Mbili
Ngojeni kwanza. Mkubwa, mdogo, vita, mdogo anakufa. Hii si filamu yenyewe imehamishiwa Kigoma? Kesho atatuambia kulikuwa na kopo la pipi. Halafu jina lako Mtoto wa Mishamo, na 1972 makazi ya wakimbizi ya Mishamo hayakuwepo. Chai hii, tena ya rangi.

Kisiki cha Mpingo
Duh. Mleta mada, jibu.

Mha wa Kasulu
Shahidi, kabla ya kumwita mtu mwongo uliza. Watu wa 1972 wengi walianzia makazi ya Ulyankulu na Katumba. Ulyankulu ilipojaa, mwishoni mwa miaka ya 70 wakahamishiwa Mishamo. Jirani zetu ni hao. Na waliobeba wadogo zao mgongoni walikuwa wengi, hawakusubiri filamu ya Japani.

Shahidi Namba Mbili
Sijakataa 1972. Nakataa mtu anayekuja kuomba ushauri na nauli ameshatuma.

Mtoto wa Mishamo
Mkuu, mimi nimezaliwa Mishamo na sina haja ya kukuthibitishia mama yangu. Filamu niliiona mwaka jana, kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini mama hali chakula mpaka sisi tumalize. Nataka akae na watu waliopita njia ile ile, wakiangalia kitu kimoja. Kama kuna njia nyingine nionyeshe.

Dada wa Nagoya
Nakuamini. Nosaka aliyeandika hadithi iliyozaa filamu ile mwaka 1967 alifiwa na mdogo wake kwa njaa mwaka 1945. Takahata aliyeiongoza filamu alinusurika mabomu ya Okayama akiwa mtoto. Wote wawili waliamua wenyewe kuigusa. Mama yako hajaulizwa. Mwambie kwa ufupi: ni ya watoto wawili wakati wa vita, mdogo anakufa. Usiseme zaidi. Mkalishe karibu na mlango, mama mdogo awe pembeni yake. Akikataa, ioneshe kwa waliobaki.

Mama Neema
Sikiliza dada yako.

Mtoto wa Mishamo
Kiti cha karibu na mlango nimekubali. Mama mdogo atakaa naye. Watoto wa chumba cha pili nitawafungulia Ubongo Kids ili wasije huku. Nimewasoma wote, asanteni.

Dada wa Nagoya
Hujajibu. Utamwambia, au hutamwambia?