Naomba ushauri: Kuzunguka na gari Ujerumani kwenye njia ya hadithi za ndugu Grimm, niende na watoto?

Wakuu habari zenu. Sisi tunakaa Frankfurt, likizo ya shule ikifika nataka nikodi gari niwapeleke watoto ile njia ya Deutsche Märchenstraße, inaanzia Hanau walikozaliwa Jacob na Wilhelm Grimm, wale ndugu waliokusanya hadithi za Kijerumani, mpaka Bremen, kama kilomita 600 hivi. Wanangu wanazijua hizo hadithi kwa Kijerumani cha shule, mimi nawasimulia za sungura na fisi, sasa nataka waone na huku zilikotoka.

Steinau nalala pale, ile nyumba walipokulia hao ndugu bado ipo, Kassel kuna Grimmwelt, makumbusho yao. Kinachonichanganya ni kuanzia hapo kwenda juu. Trendelburg kuna mnara wa Rapunzel, yule msichana wa nywele ndefu kwenye hadithi, ila ndo hoteli ya ngome na bei zake zimenitisha, kuna mtu kalala huko aniambie kama inalipa au nipite tu nipige picha? Halafu Hameln, huyu wa kwangu mdogo ile stori ya mpiga filimbi aliyeondoka na watoto 130 mwaka 1284 inamtisha kweli, na nasikia wanaigiza hadharani Jumapili za kiangazi, sasa nimpeleke au niruke niende moja kwa moja Bremen kwa punda, mbwa, paka na jogoo, wale wanamuziki wa kwenye hadithi?

Na kuendesha je, nifuate barabara ndogo za mto Weser au nipande autobahn, ile barabara kuu ya kasi? Waliopita na watoto nisaidieni jamani.